Sindano Kabla ya Safari

Pumzi ni mali ambayo mwenyewe haihesabu. Mtu huhesabu mbuzi wake, magunia yake ya maharage na siku zilizosalia kabla ya mvua; lakini pumzi huingia na kutoka usiku na mchana pasipo kuulizwa hesabu. Inapokawia kidogo tu, mali nyingine zote hupungukiwa bei. Mzazi aliyewahi kukesha na mtoto avutaye hewa kwa sauti ya msumeno ukatao ubao mbichi hahitaji kufundishwa jambo hili. Anachohitaji ni kujua sauti hiyo yatoka wapi, dawa gani huikomesha, na dawa gani haina shughuli nayo. Maswali haya matatu huonekana kuwa ya hospitali peke yake. Kwa kweli ni maswali ya lugha pia. Maana ugonjwa usiokuwa na jina lake hupewa jina la ugonjwa mwingine, na ukishapewa jina hilo hupewa na dawa isiyo yake.

Titye ni kata ya wilaya ya Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha. Magharibi yake nchi huteremka kwenda Ziwa Tanganyika. Kaskazini iko Kibondo. Na mpaka wa Burundi hauko mbali. Watu wa nyanda hizi hulima mahindi, maharage na mihogo, na hupika kwa kuni. Mnamo Juni na Julai usiku huwa na baridi, watoto hulazwa karibu na moto, na mafua na moshi hukaa nyumba moja. Mtoto akiugua, huduma ya serikali imepangwa kama ngazi: kwanza zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Kasulu ina hospitali yake, na Kibondo yake. Kabanga iko hospitali ya misheni ya Wakatoliki. Maweni, mjini Kigoma, iko hospitali ya mkoa. Na Bugando, katika jiji la Mwanza, iko hospitali ya kanda. Kila kidato cha ngazi hii kina barabara yake, na kila barabara ina saa zake. Kwa magonjwa mengi saa hizo huvumilika. Kwa ugonjwa uzibao njia ya hewa, saa ndiyo dawa ya kwanza.

Kiswahili si lugha maskini kwa majina ya magonjwa ya koo na kifua. Kina kifaduro, kina dondakoo, kina pumu, kina kichomi. Kina pia neno kimeo, nalo lastahili kutazamwa. Kimeo ni kile kinyama kining'iniacho nyuma ya kinywa, juu ya ulimi. Na katika sehemu nyingi za Tanzania neno hilo hilo ni jina la ugonjwa wa kikohozi kisichokwisha. Kiungo kimekuwa ugonjwa, na ugonjwa umeonekana kuwa dawa yake ni kukiondoa kiungo. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa watoto ambao hauna jina lililotulia katika midomo ya watu. Mtoto hupatwa na mafua kwa siku moja au mbili. Kisha usiku huamka ghafla na kikohozi kikavu kama mbwa abwekaye, sauti imekauka, na kila avutapo pumzi husikika mkoromo mkali. Matabibu huuita krupu. Neno hilo lenyewe halikuzaliwa chuoni. Lilikuwa neno la watu wa kawaida wa Uskoti, la kuiga sauti ya kukwaruza, hata tabibu Francis Home alipoliingiza katika kitabu chake kilichochapwa Edinburgh mwaka 1765. Ikiwa wanavijiji wa Uskoti waliweza kuwapa mabingwa jina kwa kusikiliza tu, basi Kiswahili nacho hakikatazwi kufanya hivyo. Katika insha hii ugonjwa huo utaitwa kikohozi cha kubweka.

Hatari ya kikohozi hiki hutokana na udogo wa mahali kinapokaa. Uvimbe hushika zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na sehemu ya juu ya bomba la hewa. Ichukuliwe njia ya hewa ya mtoto mchanga yenye kipenyo cha milimita 4. Ukuta wake ukivimba milimita 1 kuuzunguka, kipenyo husalia milimita 2, na nafasi ya kupita hewa huwa robo ya ilivyokuwa. Ugumu wa kuvuta pumzi huongezeka yapata mara 16. Uvimbe kama huo katika koo la mtu mzima humkwaruza sauti na kumpa udhia wa siku mbili. Katika koo la mtoto wa mwaka mmoja waweza kuwa jambo la kufa na kupona. Ndiyo sababu ugonjwa huu huwapata hasa watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, na watu wazima husalimika ingawa kisababishi kimewaingia wao pia.

Ni kosa kudhani kwamba kutojua magonjwa ya koo ni sifa ya vijiji vya Afrika. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikufa tarehe 14 Desemba 1799 kwa ugonjwa wa koo uliomziba pumzi kwa muda wa siku moja tu. Alizungukwa na matabibu watatu wenye heshima. Alitolewa damu mara kwa mara, akasukutuliwa koo, akabandikwa dawa za kuunguza ngozi. Mdogo kuliko wote katika matabibu hao, Elisha Dick, alishauri tundu lipasuliwe katika bomba la hewa ili mgonjwa apumue. Wakubwa wake hawakukubali. Miaka 7 na miezi kadhaa baadaye, Mei 1807, mtoto wa ndugu yake Napoleon alikufa The Hague kwa ugonjwa ulioitwa krupu, naye akatangaza tuzo kwa atakayeandika vizuri kuliko wote juu ya ugonjwa huo na tiba yake. Mwaka 1812 tuzo hiyo iligawanywa kati ya Jurine wa Geneva na Albers wa Bremen. Fedha zilipatikana, vitabu vikapatikana, tiba haikupatikana. Dola iliyotetemesha Ulaya nzima ilikuwa haina uwezo mbele ya milimita chache za nyama iliyovimba.

Sababu mojawapo ya kushindwa huko ilikuwa jina. Neno krupu lilikuwa kapu lililotiwa kila koo linalokoroma. Pierre Bretonneau wa Tours, Ufaransa, ndiye aliyeanza kulichambua kapu hilo. Mwaka 1825 alimpasua mtoto bomba la hewa akamwokoa, na mwaka 1826 aliutenga na kuupa jina ugonjwa ule ufanyao utando wa kijivu kooni, ambao kwa Kiswahili ni dondakoo. Alipokwisha kupata jina lake, dondakoo lilianza kutafutiwa dawa yake. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, walipokuwa Berlin, walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa yanaweza kuivunja sumu hiyo katika mwili mwingine. Mwaka 1894 Émile Roux aliueleza mkutano wa Budapest kwamba, kwa dawa hiyo itokanayo na damu ya farasi, vifo vya watoto wa dondakoo katika hospitali moja ya Paris vilipungua kutoka zaidi ya nusu hadi karibu robo. Tuzo ya kwanza ya Nobel ya tiba, mwaka 1901, alipewa Behring. Dawa ya kweli ilikuja baada ya jina la kweli.

Kisha vikaja viuavijasumu. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Florey na Chain, pamoja na wenzao wa Oxford, waliigeuza kuwa dawa ya kutumika katika miaka ya 1940. Na kloramfenikoli iligunduliwa mwaka 1947. Sasa tabibu alikuwa na kitu chenye nguvu cha kuua vijidudu ndani ya mwili pasipo kumwua mwenye mwili. Haikuwa ajabu watu walipodhani kwamba kila koo linalouma limepata mwokozi wake. Lakini mwaka 1956 Robert Chanock, katika utafiti wake huko Marekani, alitoa katika makoo ya watoto wenye kikohozi cha kubweka kirusi kipya, cha jamii ambayo baadaye iliitwa parainfluenza. Virusi si bakteria. Havina ukuta ambao penisilini huubomoa, wala kiwanda ambacho kloramfenikoli hukifunga. Kumpa kiuavijasumu mtoto mwenye kirusi ni kama kumtuma askari akamkamate mwizi katika nyumba ambayo mwizi hajapata kuikanyaga.

Dawa zinazofaa kwa kikohozi hiki ni za aina nyingine kabisa. Adrenalini, ikivutwa kama ukungu, hunywesha uvimbe kwa muda mfupi. Kazi yake huonekana kwa dakika, lakini haidumu zaidi ya saa mbili hivi. Deksamethasoni, ambayo ni dawa ya jamii ya steroidi, hutuliza uvimbe kwa muda mrefu zaidi, na dozi moja aghalabu hutosha, nayo yaweza kunywewa kwa kijiko. Katika utafiti uliofanywa Kanada na kutangazwa mwaka 2004, watoto 720 wenye kikohozi chepesi cha aina hii waligawanywa makundi mawili. Kati ya waliopewa deksamethasoni, waliorudi kutafuta matibabu walikuwa asilimia 7.3, kati ya waliopewa kimiminika kisicho dawa, asilimia 15.3. Hapana kiuavijasumu katika hesabu hiyo, na hapana aliyekikosa.

Lau mambo yangeishia hapa, hukumu ingekuwa rahisi: koo likikoroma, viuavijasumu viwekwe kabatini. Lakini mkoromo ule ule hutokea katika magonjwa mengine, na baadhi yake yasipopata kiuavijasumu huua. Kwanza ni uvimbe wa kidakatonge, kile kifuniko kizuiacho chakula kisiingie njia ya hewa. Bakteria iitwayo Haemophilus influenzae ya aina b hukivimbisha kwa saa chache tu. Mtoto huyu habweki. Ana homa kali, hawezi kumeza mate yake, huketi ameinama mbele na kidevu amekisogeza nje, naye hukataa kulazwa. Pili ni usaha katika bomba la hewa, aghalabu kwa bakteria ziitwazo stafilokoki. Mtoto huanza kama mwenye kikohozi cha kubweka, kisha homa hupanda, hali huharibika, na adrenalini haimsaidii. Tatu ni jipu nyuma ya koo. Nne ni dondakoo lenyewe. Humo penisilini huua bakteria na kuzuia maambukizo, lakini sumu iliyokwisha kuenea mwilini haiivunji. Sumu hiyo huvunjwa na dawa ya Behring, ambayo siku hizi ni adimu ulimwenguni. Tano haina kijidudu kabisa: ni punje ya maharage au karanga iliyopotea njia mtoto alipokuwa akila na kucheka. Mtoto huyo alikuwa mzima, ghafla akapaliwa, na mkoromo ukaanza pasipo mafua wala homa. Katika nchi ya maharage, tabibu asiyeuliza juu ya punje amesahau mahali alipo.

Hapa ndipo ilipo sehemu ngumu ya jambo hili, na ndipo penye fundisho lake. Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha mfukoni kwa hospitali ndogo zinazotibu watoto, kilichotolewa mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2013. Kitabu hicho kinasema waziwazi kwamba viuavijasumu havifai kitu katika kikohozi cha kubweka na visitolewe. Shirika hilo hilo, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, lilitengeneza katika miaka ya 1990 mpango wa kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea, na wilaya za Rufiji na Morogoro ndizo zilizotazamwa kwa makini ili matokeo yapimwe. Katika chati za mpango huo, mtoto anayekoroma avutapo pumzi hali ametulia huhesabiwa kuwa mgonjwa mahututi. Hupewa dozi ya kwanza ya kiuavijasumu, kisha hupelekwa hospitali kwa haraka. Zamani dozi hiyo ilikuwa kloramfenikoli. Baadaye ikawa ampisilini pamoja na jentamisini.

Msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba wakubwa wa afya wamejipinga wenyewe: juu wanakataza, chini wanaamuru. Na afikiriwe basi tabibu wa zahanati ya nyanda hizi, usiku wa Julai, saa saba. Amegongewa mlango. Mama amebeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Bibi yake mtoto ameshika taa. Mkoromo umesikika kabla ya hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, daktari. Mjukuu wangu ana kimeo. Nilisema apelekwe akakatwe, mama yake amekataa."

"Ameanza lini?"

"Mafua tangu juzi. Kubweka ni usiku huu."

"Sauti hii ilipoanza, alikuwa anakula kitu?"

"Alikuwa amelala."

"Chanjo zake amemaliza?"

Mama anatoa kadi. Tabibu anaisoma kwenye mwanga wa taa, lakini hamwondoi mtoto mapajani mwa mama yake, wala hamfungui kinywa kwa nguvu. Bibi anashangaa.

"Mbona humtazami kooni?"

"Koo lililovimba, bibi, likichokozwa laweza kufunga kabisa."

Anapima homa, ipo, si kali sana. Mate yanamezeka. Hata hivyo mtoto ametulia begani mwa mama na bado anakoroma, na nyama za kati ya mbavu zinaingia ndani kila avutapo hewa. Tabibu anaandaa sindano.

"Hiyo ndiyo itakayomfungua koo?"

"Hapana, bibi. Hii ni ya ugonjwa ambao huenda anao, na huenda hana. Koo litafunguliwa Kasulu."

"Kama huenda hana, mbona unamchoma?"

"Kwa sababu njia ni ndefu, nami sina cha kunionyesha ndani."

Jibu hili la mwisho linazipatanisha kanuni mbili. Hospitali ina mtu wa kutazama koo mahali ambapo likifunga laweza kufunguliwa. Ina mitungi ya oksijeni, ina adrenalini, ina usiku mzima wa kungojea na kuangalia. Kwa hiyo hospitali huweza kuutaja ugonjwa, na ikiisha kuutaja yaweza kuinyima dawa isiyohusika. Zahanati haiwezi. Tabibu wake ana masikio, macho, saa na kipimajoto. Anakisia kwamba ni kikohozi cha kubweka, na pengine kisio lake ni sahihi mara nyingi katika kumi. Lakini huyu mmoja akiwa na kidakatonge kilichovimba, au usaha katika bomba la hewa, saa za barabarani zitampita bila dawa. Kiuavijasumu hapa ni dhamana inayowekwa kwa ajili ya jambo lisilojulikana. Hakilegezi uvimbe, hakiongezi nafasi ya hewa hata milimita moja. Hununua muda kwa mtoto ambaye huenda ndiye. Na dhamana hiyo nayo ina gharama, maana uchungu wa sindano humliza mtoto, na kilio huzidisha kukabwa. Ndiyo sababu mkono wa tabibu hauna budi kuwa mwepesi, na mama hana budi kumkumbatia mwanawe.

Fundisho linalotoka humo ni hili: sindano kabla ya safari ina maana kwa sababu kuna safari. Ikiondolewa safari, sindano imebaki dhamana isiyo na mkopo. Hili ndilo linalosahauliwa madukani. Tangu mwaka 2003, kwa kuanzia mkoa wa Ruvuma, Tanzania ilianza kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Maduka ya Dawa Muhimu, yenye wauzaji waliofunzwa na ruhusa ya kuuza baadhi ya viuavijasumu. Jambo hilo liliwasogezea watu wengi wa vijijini dawa halali. Lakini mzazi anayesikia mwanawe akibweka, akaenda dukani akanunua vidonge vya siku mbili na kurudi kulala, ameichukua nusu ya kanuni ya zahanati na kuiacha nusu yenye uzima. Mtoto mwenye kirusi hakuhitaji vidonge. Mtoto mwenye kidakatonge alihitaji hospitali. Wote wawili wamepewa kitu, na hakuna aliyesaidiwa.

Fleming aliliona jambo hili mapema. Alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, alihadithia katika hotuba yake juu ya mtu mmoja wa mfano ambaye, kwa kuumwa koo, alijinunulia penisilini akatumia kidogo, isitoshe kuua bakteria bali itoshe kuwafundisha kuishinda. Kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata kichomi, akapewa penisilini, isimfae, akafa. Kisa cha mfano kimepata mashahidi wa kweli. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mnamo 2001 na 2002, walichunguzwa watoto 1,828 waliolazwa kwa dalili za maambukizo makali. Kati ya wale waliokutwa na bakteria za jamii ya Gram hasi katika damu, asilimia 43.5 walikufa, zaidi ya maradufu ya kiwango cha vifo vya wenye malaria. Na kupewa dawa ambayo bakteria wamekwisha kuizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoandamana na kifo. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti wa miaka ya 1994 hadi 2002 uliona usugu wa Haemophilus influenzae dhidi ya dawa ukiongezeka kwa kadiri miaka ilivyopita. Yaani ile dhamana ya zahanati inaliwa na nondo kabatini. Kila kidonge kinachomezwa bure kwa ajili ya kirusi hupunguza nguvu ya sindano ambayo siku moja itakuwa tegemeo la mtoto mwingine, katika barabara ile ile.

Kisu cha kimeo nacho kina sehemu yake katika hasara hii. Haifai kuwacheka wanaokiamini. Waliona mtoto anakohoa, walitazama kinywani, wakakiona kinyama kinaning'inia; wakafikiri kama walivyofikiri matabibu wa Washington, kwamba kinachoonekana ndicho kinachodhuru. Lakini kimeo hakina hatia ya kikohozi, na uvimbe wa zoloto uko chini sana, mahali kisu hakifiki wala jicho halioni. Kukata huleta damu isiyokoma, huleta usaha, huweza kuleta pepopunda. Na mtoto aliyekuwa hahitaji kiuavijasumu sasa anakihitaji kwa jeraha alilopewa. Bibi aliyeshika taa hakukosa mapenzi. Alikosa jina. Angalikuwa na neno la ugonjwa ubwekao, lililo mbali na neno la kinyama kile, mkono usingalikwenda kwenye wembe.

Kuna njia bora kuliko sindano, nayo imo katika ile kadi iliyosomwa kwa mwanga wa taa. Mpango wa chanjo wa Tanzania ulianza mwaka 1975, na dondakoo, kifaduro na surua ni miongoni mwa maadui wake wa zamani. Surua nayo huweza kuvimbisha koo la mtoto. Kinga ya Haemophilus influenzae aina b iliingizwa Tanzania mwaka 2009, ndani ya chanjo moja yenye kinga tano, ipewayo mtoto wa wiki 6, 10 na 14. Kenya ilitangulia mwaka 2001, na Kilifi ikapima matokeo: kabla ya chanjo, watoto 66 katika kila 100,000 wenye umri chini ya miaka 5 waliugua sana kwa bakteria hiyo kila mwaka, kufikia 2004 walikuwa chini ya 8. Kwa hiyo tabibu asomaye kadi iliyokamilika husoma zaidi ya tarehe. Husoma kwamba kidakatonge na dondakoo vimesogea mbali katika orodha ya makisio yake, na kikohozi cha kubweka kimesogea karibu. Kadi husaidia kutaja ugonjwa kabla ya chombo chochote.

Hata hivyo ngao hii hutaka kushikwa bila kuchoka. Jamhuri zilizokuwa za Umoja wa Kisovyeti zilipolegeza chanjo, katika miaka ya 1990 zilipata wagonjwa wa dondakoo zaidi ya 150,000. Mwaka 2017 ugonjwa huo uliwaingia wakimbizi wa Rohingya katika kambi za Cox's Bazar, Bangladesh. Na kuanzia mwishoni mwa 2022 ukaenea Nigeria. Wilaya ya Kasulu inajua maana ya kambi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo, na baada ya 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Mahali watu wanapohama kwa hofu, kadi hupotea njiani, na magonjwa yaliyosahauliwa hutafuta watoto wasiokuwa na kadi. Mtoto wa kambini na mtoto wa Titye huvuta hewa moja. Kinga ya mmoja ni ukuta wa nyumba ya mwingine.

Katika jambo hili kila mmoja ana fungu lake la kazi. Serikali ina deni la barabara, la gari la wagonjwa, la oksijeni na la deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ifike karibu na mahali mtoto anapobwekea. Tabibu ana deni la kueleza, kama ilivyoelezwa kwa bibi, kwamba dawa anayotoa haijui kufungua koo, ili mzazi asije akaridhika nayo akarudi nyumbani. Muuza dawa ana deni la kusema "mpeleke" kabla ya kutaja bei. Na wanafunzi wa lugha, ambao hudhani hawana sehemu katika chumba cha wagonjwa, wana deni la jina. Waende Titye, Kibondo na Kasulu, wawasikilize kina mama wanavyoiita sauti ile kwa Kiha na kwa Kiswahili chao, kama mtu mmoja alivyosikiliza Uskoti karne mbili na nusu zilizopita. Wakilipata neno zuri kuliko kikohozi cha kubweka, walichukue. Neno hilo likizoeleka, mama ataweza kusema mlangoni pa zahanati, kwa maneno mawili matatu, mtoto ana nini na hana nini; na tabibu ataanza kazi yake hatua kadhaa mbele, wakati kila hatua ina thamani ya pumzi.